Saa Yenye Sita Juu

Mtu akiniuliza saa ya mkononi inafanyaje kazi, huwa simjibu kwa mdomo mtupu. Navuta droo, natoa saa moja mbovu, nafungua mfuniko wa nyuma na kumwonyesha. Hii hapa springi iliyokazwa. Haya magurudumu yanapokea nguvu yake kidogo kidogo, kila moja likimpa mwenzake. Na hiki kigurudumu cha pembeni, kidogo kuliko punje ya mtama, kazi yake ni kusukuma tarehe mara moja kwa siku. Watu wengi huinama waone vizuri. Wengine huniuliza, "Kumbe ndani kuna kitu?" kana kwamba miaka yote walidhani wamevaa kioo na namba.

Kazi hii nilifundishwa na baba yangu, Vwawa, kabla sijahamia Tunduma. Meza yangu iko kwenye kona ya duka la makava ya simu, na nimeifunika kwa kisanduku cha kioo kwa sababu ya vumbi la malori. Watu hushangaa wakisikia kwamba mji huu una watu wanaokusanya saa. Lakini dereva anayekaa siku nne kwenye foleni ya mpakani ana kitu gani cha kutazama zaidi ya mkono wake? Halafu hapa kwetu saa lazima uifikirie. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wako nyuma yetu kwa saa moja. Tena wenzetu wanahesabu kwa mtindo wa Waingereza. Sisi tukisema ni saa mbili asubuhi, kwao ni saba. Ukipanga kukutana na mtu wa ng'ambo bila kuuliza "saa ya wapi?", mmoja wenu atakunywa chai peke yake.

Wapenda saa wetu hawazidi kumi. Tuna kundi la WhatsApp, na Jumamosi asubuhi wanaoweza hufika kwenye meza yangu. Watatu hawakosi. Wa kwanza ni mzee wa Ileje aliyeendesha malori ya masafa marefu mpaka alipostaafu. Wa pili ni wakala wa forodha, mwenyeji wa Singida, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya mvua. Wa tatu ni mama wa Nakonde anayeuza vitenge pande zote mbili za mpaka, na mdomo wake hauna breki.

Siku wakala alipoturushia picha ya ile saa, kundi liliwaka moto. Kampuni moja ya Ulaya ilikuwa imetoa toleo maalumu kwa ajili ya Afrika Mashariki, saa mia mbili tu, kila moja na namba yake mgongoni. Jambo lake lilikuwa hili: sita ilikuwa juu, na kumi na mbili ilikuwa chini.

Nieleze taratibu. Saa yoyote ya kawaida, ikifika saa moja asubuhi, mshale mfupi unaelekea chini, kushoto kidogo, palipoandikwa saba. Sisi tunaona saba, tunasema moja. Tumezoea tangu utotoni mpaka hatuhisi tena kwamba tunakokotoa. Hawa wenye kampuni walichofanya ni kuandika moja pale pale. Mashine haikuguswa. Mishale inazunguka kama inavyozunguka siku zote. Namba tu ndizo zilizogeuzwa, ili Mswahili aangalie na kusoma anachokisema.

Mama wa Nakonde alituma sauti. "Mwebantu, jamani! Hiyo saa imelewa? Kichwa chini, miguu juu! Nikiivaa mimi huku kwetu, watoto wote watachelewa shule."

Wakala akaandika, "Mama, hii haivaliwi. Hii inalazwa kwenye boksi lake. Mia mbili tu dunia nzima."

Mwenzetu mmoja, mtumishi wa serikali pale Vwawa, alikasirika kweli. Alisema wazungu wametuuzia sukari, wametuuzia mitumba, sasa wanataka kutuuzia jua letu wenyewe, tena kwa bei ya gari. Alijitoa kwenye kundi, akarudi kesho yake.

Mimi nilikuwa katikati. Kwanza nilicheka. Halafu nikaikuza ile picha, nikaangalia jinsi namba zilivyochongwa kwa mkono, na fundi aliyemo ndani yangu akaanza kuitamani. Halafu nikakumbuka kwamba kugeuza namba si kutengeneza saa mpya, na nikajiambia kuwa wametuchukulia rahisi. Siku hiyo moja nilibadilisha mawazo mara tatu, kwa hiyo simlaumu mtu aliyebadilisha mara nne.

Mzee dereva hakuandika kitu. Siku ya tatu alikuja mezani peke yake, akavuta kiti, akaniuliza kama ile saa ni ya kweli au ni picha za kutengeneza tu.

"Ni ya kweli, baba."

Akaniambia habari za shule aliyosoma milimani Ileje. Nyumbani walisema Kindali tu, na Kiswahili alikuwa anajifunza kwa shida. Mwalimu alichora saa ubaoni, mshale mfupi kwenye saba, akamuuliza ni saa ngapi. Akajibu kile alichokiona: saba. Darasa zima lilicheka, na kwa mwaka mzima jina lake likawa hilo.

"Mwanangu, mimi nilijibu kilichoandikwa," aliniambia. "Mpaka leo sijaelewa kosa langu lilikuwa nini."

Wiki ile aliuza saa zake zote ili anunue ile moja. Alikuwa nazo kumi na moja, kila moja na safari yake: ya Ndola, ya Lubumbashi, ya bandarini Dar. Nilimsihi abakize hata moja. Akanionyesha mkono wake wa kushoto akasema wa kuvalia saa anao huo tu. Wenzake walimwona amechanganyikiwa. Wakala alinunua ya kwake pia, lakini yeye hakuuza kitu, na ya kwake ilibaki kwenye boksi ikiwa na nailoni yake ya kiwandani.

Saa ya mzee ilipofika, sikuwahi kumwona mtu akivaa kitu namna ile. Alikuwa anakunja mkono wa shati mara moja tu, vizuri, kama mtu anayetaka kunawa. Jumapili anaimba besi katika kwaya Mbozi Mission, na waliokaa naye wanasema aliishika karatasi ya nyimbo juu kuliko kawaida ili mkanda uonekane. Mama wa Nakonde alimtania bila huruma. "Ba shikulu, babu yetu, naona leo umevaa kesho!" Yeye alitabasamu tu, na mtu akimuuliza saa, alisoma moja kwa moja.

Kisha msimu wa kahawa ukafika. Alikwenda Igamba kumsaidia shemeji yake kuchuma, na kwa kuogopa kuikwaruza aliiacha saa nyumbani, imefungwa kwenye leso. Saa za namna hiyo hazina betri. Zinajijaza kwa mtikisiko wa mkono wa mvaaji, na zikilala siku mbili tatu zinasimama. Hilo si tatizo. Ukirudi unaitikisa, unarekebisha saa, unarekebisha tarehe, unaendelea na maisha.

Alhamisi moja mchana alikuja mezani kwangu huku mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya mfuko wa koti. Alisubiri mteja wa betri aondoke, kisha akaiweka ile leso mbele yangu.

"Imelia," alisema.

"Imeliaje, baba?"

"Tik. Moja tu. Halafu ikafa."

Niliichukua. Kwenye kidirisha cha tarehe, nusu ya namba moja na nusu ya nyingine zilikuwa zimebanana. Mishale haikwenda. Nilimuuliza alifanya nini, hatua kwa hatua, na akanieleza kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kukagua lori kabla ya safari. Alivuta kile kichwa kidogo cha pembeni. Akazungusha mishale. Akaupeleka mshale mfupi kwenye sita, kama kawaida. Halafu ndipo akaanza kusogeza tarehe.

Niliilaza saa juu ya leso.

Hapa lazima nieleze tena, na mnivumilie. Kuna masaa fulani ya usiku ambapo kile kigurudumu kidogo kinashikana na tarehe ili kuisukuma iingie siku mpya. Kinaanza mapema usiku, kinamaliza karibu na alfajiri, na katikati ya usiku kinakuwa kimeshika kwa nguvu zote. Ukilazimisha tarehe wakati huo, jino linavunjika. Saa yenyewe haijui kama nje ni mchana au usiku. Inajua tu mshale wake uko wapi na umeshapita pale mara ngapi. Kwa hiyo mafundi wana kanuni nyepesi: kabla ya kugusa tarehe, peleka mshale mfupi kwenye sita. Kwenye saa za kawaida sita iko chini kabisa, mbali na hatari, iwe asubuhi au jioni. Kanuni hiyo nilipewa na baba, na mimi ndiye niliyewafundisha wote pale mezani. Niliwaimbisha kama watoto wa chekechea. "Kabla ya tarehe?" "Mshale kwenye sita!"

Kwenye saa ya mzee, sita ilikuwa juu.

Alikuwa ametii neno langu kwa usahihi kabisa, na neno langu lilimpeleka katikati ya usiku wa manane wa mashine ile.

Nilifungua mfuniko, nikaweka lenzi jichoni, nikakuta nilichotarajia. Jino moja la kile kigurudumu lilikuwa limekatika na kuangukia kati ya magurudumu mengine, na hapo ndipo mashine yote ilipokwama. Nilimwonyesha. Aliinama muda mrefu akitazama kwa jicho moja.

"Wenzangu walisema," alinong'ona. "Sasa sina hata moja. Fundi, tafadhali, wasijue."

Nilimwambia nitaangalia nifanyeje. Sikumwambia kwamba kosa ni la kanuni yangu. Ningependa kuandika hapa kwamba nilitaka kwanza kuwa na uhakika, lakini uhakika nilikuwa nao. Niliogopa. Jina la fundi katika mji mdogo kama huu ndilo duka lake.

Jumamosi ilipofika, wakala aliiona ile saa juu ya leso ndani ya kisanduku changu cha kioo kabla hajaketi.

"Hii si ya dereva? Imekuja kufanya nini hospitali?"

Mzee alikuwa ameshafika, amekaa pembeni. Alijikohoza. "Imevunjika. Nimeivunja mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nilikuwa nasogeza tarehe."

"Mzee!" Wakala alipiga paja lake. "Miaka yote barabarani umeshindwa kubadilisha gia?"

Mama wa Nakonde naye akadakia, "Si nilisema imelewa? Mlevi akianguka mnashangaa nini?"

Walicheka, na haikuwa kwa ubaya. Utani ndio salamu yetu. Lakini niliona mzee anautazama mkono wake mtupu, na nikajua kama sitasema sasa, sitasema tena.

"Ngojeni," nikasema. "Kabla ya tarehe, nimewafundisha nini?"

"Mshale kwenye sita," walijibu pamoja, hata mzee.

"Haya. Sita yake iko wapi?"

Niliigeuza saa wakaiona. Mama wa Nakonde ndiye aliyeelewa kwanza, kwa sababu yeye siku zote ameiona ile saa kama iliyogeuka.

"Awe, hapana, ba fundi," alisema polepole, akitikisa kichwa. "Umemtuma ba shikulu wetu usiku wa manane."

"Nimemtuma mimi. Yeye hana kosa. Na Alhamisi nilijua, nikanyamaza."

Mzee alinitazama. Nilidhani atakasirika, na alikuwa na haki. Akasema, "Kumbe nilijibu kilichoandikwa," akacheka kicheko kifupi, cha kwanza tangu Alhamisi.

Hapo ndipo nikawaonyesha jambo la pili, ambalo liliwagawa kuliko yote. Ndani ya saa ile, chini ya madoido, mashine ilikuwa ya kawaida. Ni mashine nzuri, ngumu, lakini inapatikana katika saa nyingi ambazo si za toleo lolote. Droo yangu ilikuwa na moja kama hiyo, kutoka kwenye saa iliyopasuka kioo ambayo mteja wa Vwawa aliniachia nichukue vipuri. Kigurudumu chake kilikuwa kizima, na kingeingia bila kulazimishwa.

"Usithubutu," wakala alisema. Sasa hakuwa anatania. "Mzee, nisikilize kama mdogo wako. Hiyo ni namba fulani kati ya mia mbili. Ukiweka kifaa cha saa ya mtaani, si toleo maalumu tena. Irudishe kwa waliotengeneza. Mimi nitakushughulikia karatasi zote za forodha, kwenda na kurudi."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi. Mwaka labda. Lakini itarudi kamili. Au kama umechoka nayo, nipe mimi nikae nayo hivyo hivyo. Sitaigusa."

"Ikae imekufa?"

"Ikae *yenyewe*."

Nataka niwe mkweli kwa wakala, maana ni rahisi kumfanya aonekane mtu wa makuu. Alikuwa anaipenda ile saa. Anazipenda zote kama watu wanavyopenda picha za harusi, zisiguswe, zisipigwe jua. Na alichosema ni kweli: kipuri cha mtaani kingeiondolea kitu ambacho hakirudi. Nilimwambia mzee hivyo hivyo, waziwazi, na nikamwambia pia kwamba ninaweza kuifanya itembee wiki ijayo. Chaguo lilikuwa lake, na hakuna kati yetu aliyekuwa anaweza kumchagulia.

Mama wa Nakonde, ambaye tangu mwanzo hakuitaka ile saa hata bure, alimwuliza tu, "Ba shikulu, uliinunua ili iweje?"

Mzee alifikiri. Barabarani lori lilipiga honi ndefu, foleni ikasogea.

"Niliinunua niisome," alisema. "Fundi, iweke hicho kigurudumu."

Wakala alitoa pumzi kama mtu aliyeona glasi inaanguka na mkono wake haukufika.

Kazi yenyewe ilinichukua siku mbili, na sehemu kubwa ilikuwa kulitafuta lile jino lililovunjika, kwa sababu kipande kidogo kikibaki ndani kitarudia ajali ile ile. Nililipata limejificha chini ya gurudumu la pili. Nikasafisha, nikapaka mafuta tone moja moja kwa ncha ya sindano, nikapachika kigurudumu kipya. Kisha nikaizungusha mishale kwa mkono, siku nzima ya saa, tena na tena, nikitazama kidirisha. Kila mshale mfupi ulipofika juu kwa mara ya pili, tarehe iliruka. Niliirudia mpaka vidole vikafa ganzi.

Mzee aliniomba jambo moja zaidi. Kwenye cheti chake, kile kikaratasi kinene kilichokuja na boksi, alitaka niandike kilichobadilishwa, tarehe, na saini yangu, ili atakayeirithi asidanganyike. Wakala alifumba macho nilipokuwa naandika. Mwandiko wangu si mzuri, lakini unasomeka.

Jumamosi iliyofuata mzee aliivaa palepale mezani. Mama wa Nakonde alikishika kiwiko chake, akainamisha kichwa upande kuisoma, akashindwa, akasema bado imelewa lakini angalau sasa inatembea. Nilitegemea wakala aendelee kusikitika. Badala yake alifungua mkoba wake, akatoa boksi, na ndani ya boksi saa yake, ikiwa bado na nailoni.

"Kuna mtu Dar anataka picha zake," alisema bila kututazama. "Kabla ya Jumamosi iliyopita nilikuwa nimepanga niisogeze tarehe ilingane na siku ya kupiga picha. Mshale kwenye sita."

Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo mshale uelekee wapi, fundi? Nielekeze kama sijawahi kushika saa."

Nilifungua mdomo nimweleze, kwa sababu ndivyo nilivyo. Lakini mzee alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Lete hapa," alisema. "Toa kwanza hiyo nailoni, siwezi kushika kichwa chake."

Wakala alisita. Aliiangalia ile nailoni, akatuangalia sisi, akaanza kuibandua kwa kucha ya kidole gumba, polepole, kuanzia pembeni. Mzee alisogeza kiti chake karibu na mwanga, akamwachia wakala aishike mwenyewe.

"Usiangalie namba," alimwambia. "Zisahau kabisa. Vuta kichwa mpaka mwisho, zungusha mpaka mshale mfupi uelekee chini, kwenye tumbo lako. Sasa rudisha kichwa, taratibu, mpaka usikie kimeingia hatua ya kwanza. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Sasa sogeza."